Nimeisoma Twilight Likizo Hii, na Nimeipenda

Riwaya niliyoifurahia kuliko zote katika likizo hii ya kiangazi ni Twilight ya Stephenie Meyer, kitabu kilichoandikiwa hasa vijana wa sekondari, na ninaandika haya kwa sababu nimechoka kuwasikia watu wazima wakikitaja kitabu hicho huku wakibetua midomo. Kilitoka mwaka 2005, kikafuatwa na vingine vitatu hadi 2008, na mfululizo huo umeuza zaidi ya nakala milioni 100 duniani. Siamini kwamba wasomaji wote hao walipumbazwa. Kuna jambo ambalo mwandishi yule alilijua kuhusu mapenzi ya hadithini, na baada ya kukisoma kwa utulivu, shule zikiwa zimefungwa hapa Marekani na mtoto wa dada yangu akiwa amekuja kukaa nasi, nadhani nimeliona.

Kwa wasioijua hadithi yenyewe: Bella Swan, msichana wa miaka 17, anaacha jua la Phoenix, alikokuwa akiishi na mama yake, anakwenda kukaa na baba yake, mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Forks ulioko magharibi kabisa mwa jimbo la Washington. Shuleni anakutana na Edward Cullen, kijana mwenye sura ya kuduwaza, ambaye hukaa mezani saa ya chakula bila kutia kitu kinywani. Edward ni vampaya, yaani mnyonya damu. Alizaliwa Chicago mwaka 1901, akaugua katika lile janga la mafua la 1918, na alipokuwa akikata roho, daktari Carlisle, ambaye naye ni vampaya, akamgeuza awe kama yeye. Tangu siku hiyo hajaongeza umri. Carlisle na familia yake, Edward akiwamo, wamejikataza damu ya binadamu na hujilisha kwa kuwinda wanyama wa porini. Taabu ni kwamba damu ya Bella inamnukia Edward kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kumkaribia.

Utamu wote umefichwa hapo. Kijana anampenda msichana huku mwili wake mwenyewe ukimtamani kwa namna itakayomuua msichana huyo, kwa hiyo mambo ambayo katika riwaya nyingine yangepita katika nusu sentensi, kama vile kushikana mikono au kukaa karibu, hapa yanabeba uzito wa uhai na kifo. Siku ya kwanza wanapowekwa meza moja katika somo la baiolojia, Edward anajisogeza hadi ukingoni mwa kiti, uso ameugeuzia upande, ngumi ameikaza saa nzima, na Bella, asiyejua lolote, anajinusa nywele kuona kama ananuka vibaya. Nywele zinanukia stroberi. Msichana gani wa umri huo hajawahi kudhani kwamba ukimya wa mtu umetokana na kasoro yake mwenyewe? Baadaye sana, katika darasa lilelile, mwalimu anazima taa ili wanafunzi watazame filamu. Wawili hao wamekaa bega kwa bega gizani, kila mmoja amekunja mikono kifuani, na hakuna kinachotokea mpaka kipindi kinakwisha. Nilizirudia kurasa hizo. Ninasoma riwaya za mapenzi tangu nikiwa shuleni, na ninajua jinsi ilivyo vigumu kumfanya msomaji ashike pumzi kwa jambo ambalo halikutendeka.

Meyer ana subira ambayo waandishi wengi wanaosifiwa kuliko yeye hawana. Habari za vampaya zinamfikia Bella kwa kupitia hadithi anayosimuliwa na Jacob Black, kijana wa kijiji jirani cha La Push, wakiwa ufukweni huko, kama mtu anavyopiga soga tu, na siku ambayo Edward anamwonyesha ngozi yake juani, inavyometameta kama almasi, tayari tuko zaidi ya nusu ya kitabu. Ni kweli kwamba anausifu uzuri wa Edward mara nyingi kupita haja, na mhariri mkali angezipunguza sifa hizo. Lakini kosa hilo ni dogo mbele ya mwandishi anayejua kungoja.

Jambo jingine lililonishika ni mvua. Meyer alikuwa akiishi Arizona, jangwani, na alipohitaji mahali ambapo watu wasiotaka kuonekana juani wangeweza kwenda shule na kazini bila kushukiwa, alitafuta kwenye intaneti sehemu ya Marekani yenye mvua nyingi, akaipata Forks kabla hajawahi kuikanyaga. Mji huo hupata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka, ilhali Dar es Salaam hupata kama 1,100. Mvua hiyo imo karibu katika kila sura: katika koti la Bella lisilokauka, katika lori lake kuukuu, katika misitu yenye kuvu na majani mabichi hadi kwenye vigogo. Kuisoma katika joto la Julai, madirisha yakiwa wazi na feni ikizunguka, ni starehe ambayo sitaki kuitolea udhuru.

Nadhani pia kwamba sisi tuliolelewa pwani ya Afrika Mashariki tunakisoma kitabu hiki kwa namna yetu. Mnyonya damu wa masimulizi ya kwetu ni mumiani, na mumiani hana mapenzi na mtu. Ni mtu mwenye gari na vifaa, anayekamata wapita njia usiku. Enzi za ukoloni wapo waliosadiki, Nairobi kwa Dar es Salaam, kwamba wazimamoto ndio waliokuwa wakifanya kazi hiyo. Anayependa ni mwingine kabisa, jini mahaba, ambaye humpenda binadamu, humwonea wivu, humjia usiku na kumharibia kila uchumba mpaka aje mganga au shehe wa kumsomea. Edward amewachukua wote wawili katika mwili mmoja. Ana kiu ya mumiani na wivu wa jini mahaba, na ndiyo maana bibi yangu, ambaye hakuwahi kusoma riwaya ya Kiingereza, angeielewa hadithi hii mara moja, ila yeye angesubiri sura ambamo mganga anaingia.

Na bibi angekuwa na hoja. Edward huingia chumbani kwa Bella usiku na kumtazama akiwa amelala, na amefanya hivyo mara nyingi kabla Bella hajajua. Kitabu kinalieleza jambo hilo kama dalili ya pendo, nami sikulipenda hata kidogo. Nilipolifikia nilimuuliza mtoto wa dada yangu, aliyekwisha kukimaliza kitabu kabla yangu na aliyekuwa akinifuata jikoni kila asubuhi kuniuliza, "Mama mdogo, umefika wapi?" Akanijibu bila kusita: "Mimi nikimkuta mtu chumbani usiku, nitapiga kelele mtaa mzima uamke. Huyu ni wa kitabuni." Mazungumzo yaliyofuata, kuhusu kuomba ruhusa, kuhusu wivu na jinsi mtu anavyoweza kuuita ulinzi, yalikuwa marefu na ya wazi kuliko yote niliyowahi kuwa nayo na binti huyo, na hayangefunguka kwa nasaha. Wazazi wanaonyang'anya vitabu vya aina hii wanajinyima mlango mwepesi sana wa kuzungumza na watoto wao.

Kasoro ninayoiona nzito zaidi haitajwi sana. Waquileute, watu wa Jacob, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, si wa kubuni. Wapo, kijiji chao ni hicho hicho La Push, na eneo walilotengewa na serikali lilikuwa kama kilomita za mraba mbili na nusu tu, lililobanwa kati ya bahari na hifadhi ya taifa ya Olympic. Wana masimulizi yao kwamba asili yao ni mbwamwitu waliogeuzwa kuwa watu. Riwaya imeyachukua masimulizi hayo, ikayaunganisha na vita dhidi ya vampaya ambavyo havimo katika mila yao, na fedha nyingi zilizotokana na jina lao hazikuwafikia. Kijiji kile kiko usawa wa bahari, katika hatari ya tsunami, na ilibidi kusubiri sheria ya mwaka 2012 ili kabila lirudishiwe ardhi ya juu ya kuhamishia shule na nyumba. Kijana anayekipenda kitabu hiki anastahili kuambiwa hayo, na kwa jinsi nilivyomwona binti yetu akiitafuta La Push kwenye ramani, yuko tayari kuyasikia.

Pamoja na hayo yote bado ninakitetea, na tayari nimeanza kitabu cha pili. Dharau inayomwagiwa riwaya hizi huzidi pale wasomaji wanapokuwa wasichana. Riwaya za kijasusi zenye risasi kila ukurasa hazisemwi hivyo, wala mwanamume anayezisoma likizoni haambiwi akue. Ninachotamani ni kwamba wachapishaji wetu wawape vijana wa Kiswahili kitabu chao cha aina hii, chenye kurasa mia tatu na zaidi, si kisa cha magazetini kinachokatwa kila wiki. Msichana wa kidato cha tatu mjini Tanga, jini mahaba asiyezeeka aliyekuwapo tangu enzi za majahazi, bahari usiku, na mwandishi mwenye subira ya kuwaweka meza moja bila kuwagusanisha hadi sura ya kumi na tatu. Nitanunua nakala mbili, moja yangu na moja ya binti wa dada yangu.