"Thou" halikuwa neno la heshima
Kuna mwandishi anasema Waingereza wa zamani walitumia "thou", yaani "wewe" la Kiingereza cha zamani, kwa heshima, ndiyo maana limo kwenye sala za Kiingereza. Wapi! Lilikuwa la kumwambia mtoto, mtumishi au rafiki wa karibu. Mkubwa aliambiwa "you", ambalo asili yake ni la wingi. Mwaka 1603 mwanasheria mkuu Edward Coke alimwita Walter Raleigh, mvumbuzi maarufu aliyeshtakiwa kwa uhaini, "thou" mahakamani makusudi kabisa, ili kumdhalilisha, akamalizia na "msaliti". Waquaker, kundi la Kikristo, nao waliwaambia hivyo hata mahakimu, wakaambulia kipigo. Biblia ya 1611 inamwita Mungu "thou", sawa, lakini Shetani naye anaitwa hivyo hivyo! Harufu ya utukufu imekuja baadaye, neno lilipotoweka mitaani likabaki kanisani. Huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, baadhi ya wazee wanalo bado, tena kwenye soga za kawaida.