Ripoti ya Aprili, mjadala wa Novemba

Hesabu za serikali za mwaka 2021/22 zilifungwa Juni 30, 2022. Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikafika bungeni Aprili 2023, na wabunge wakaijadili Novemba. Miezi 16. Lakini kinachonisumbua zaidi ni kwamba kati ya Aprili na Juni Bunge lilikuwa palepale Dodoma likipitisha bajeti mpya, ripoti ikiwa mezani.

Chukua mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Ndiyo fedha ya umma iliyo karibu kabisa na kijana anayetafuta bodaboda au cherehani. Wakaguzi walipoanika vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, Serikali ilisimamisha mikopo hiyo Aprili 2023, ikairudisha mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Kusimamisha kulikuwa na sababu. Maji hayachotwi kwa pakacha. Ila kikundi kilicholipa mpaka shilingi ya mwisho nacho kilifungiwa mlango, na mjadala wa Bunge ukaja miezi saba baadaye.

Wanaotetea ratiba ya sasa hawaongei ovyo. Hoja ya ukaguzi si hukumu. PAC na LAAC, kamati za Bunge za hesabu za serikali kuu na za serikali za mitaa, lazima ziwaite maofisa masuuli, yaani wakuu wanaowajibika kwa fedha za taasisi zao, wajieleze, na zipo hoja zinazofutika pale tu hati za malipo zinapopatikana. Ukijadili Aprili kwa pupa, utamsulubu mkurugenzi ambaye kosa lake ni faili lililokaa kabati lisilo lake.

Nakubali, kwa hoja mpya. Zinazojirudia je? Karakana ya mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, awamu ya kwanza, njia ya kilomita 20.9 iliyoanza kubeba abiria Mei 2016, iliwekwa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi. (Jina lisikudanganye, jangwa halipo pale.) Masika ikifika, maji nayo yanafika. Mbagala nako, kwenye njia ya awamu ya pili, zege lilikauka muda mrefu kabla mabasi hayajapatikana. Mambo ya namna hii hayahitaji kungoja maelezo hadi Novemba. Yanahitaji mbunge ashike fungu la wizara husika mwezi Mei na aseme halipiti mpaka nijibiwe.

Atasema? Hapo ndipo nina shaka. Kwa sheria zetu mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani nyumbani kwake. Bajeti inayotenga ile asilimia 10 anaipitisha huko, kisha akiwa LAAC anawahoji wakurugenzi kwa sauti ya mgeni. Hata ripoti ingejadiliwa Aprili ileile, asipokatazwa kuihoji halmashauri yake mwenyewe, mkurugenzi atamjibu kwa upole tu: Mheshimiwa, si ulikuwepo kikaoni?