Mkungu wa Ndizi Nilioushindania Peke Yangu

Alamu ya pikipiki yangu ilikuwa na tatizo moja tu: ilifanya kazi. Fuso likipita barabarani, inalia. Paka wa jirani akirukia siti, inalia. Saa nane za usiku, hakuna fuso wala paka, inalia vilevile, nadhani kwa upweke. Mama mwenye nyumba alivumilia wiki mbili, kisha akaniita kwa ule upole wa kutisha: "Mwanangu, chagua. King'ora au chumba."

Chumba nilishalipia miezi sita. Nikaenda kwa fundi, Majengo, hapa Moshi chini ya Kilimanjaro.

Fundi akashangaa sina peja. Ni kidude cha kutia mfukoni, kina kioo kidogo chenye picha ya pikipiki. Mtu akigusa pikipiki yako, kinakutetemekea kimyakimya, na mwizi hajui kwamba unajua. Ule waya uliokuwa unapeleka moto kwenye king'ora akauchomoa, akauunga kwenye kisanduku cha kurushia mawimbi chini ya siti. King'ora chenyewe akakitupia kwenye droo yake, na mpaka leo sijakiona. Antena ilikuwa kipande cha waya mweusi, kama sentimita 17 hivi. Nilitaka aufiche, akagoma: ukiuzungushia vyuma, mawimbi hayatoki. Akauacha unaning'inia nyuma, karibu na taa, kama mkia wa panya.

"Boksi linasema mita 1,000," nikamwambia.

"Aliyeandika boksi anakaa jangwani. Wewe ukipata 200 na kuta zako hizo, shukuru."

Jumapili nikapanda nayo usharikani, huku juu ya Kiboriloni. Nikaegesha nyuma ya ofisi penye kivuli, nikaingia ibadani, peja mfuko wa nyuma wa suruali. Benchi zetu ni ubao mmoja mrefu, watu wanane. Katikati ya mahubiri peja ikatetemeka, na benchi zima likapokea. Bibi aliyekaa kando yangu akakumbatia kitabu chake cha nyimbo.

"Baba," akaninong'oneza, "mlima umeamka?"

"Hapana bibi, ni simu."

"Simu gani ya kutikisa watu wanane?"

Nikaihamishia mkononi. Ikatulia, nami nikatulia.

Kwa ambao hawajasali kwetu: sadaka si hela tu. Watu huleta mayai, kuku, maparachichi, ndizi, na ibada ikiisha vinanadiwa pale nje. Mnadishaji wetu ni mzee mwenye sauti ambayo, ningekuwa nayo mimi, nisingehitaji king'ora maishani. Nilisimama pembeni namsikiliza, mara mkono ukatetemeka. Nikatazama kioo, jua la utosini, sioni kitu. Nikakiinua juu, kama mtu anayetafuta mtandao.

"Elfu nane, kijana wa shati la bluu!"

Nikashusha mkono haraka. Kikatetemeka tena, safari hii kwa hasira. Nikakiinua tena, ndugu yangu, ni mazoea ya simu.

"Elfu tisa! Yuleyule! Anajipandia mwenyewe, Bwana asifiwe!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Sasa ukishapigiwa vigelegele na akina mama wa usharika mzima, unaanzia wapi kueleza kwamba ulikuwa unaangalia peja? Ikafika elfu kumi. Nilijaribu kukitia kidude mfukoni, kikanitekenya paja, nikaruka na mikono yote miwili juu. Elfu kumi na moja. Hakuna mwingine aliyefungua mdomo tangu mwanzo.

Palepale peja ikanyamaza. Nikajipongeza moyoni: mwizi kaona watu wengi, kakimbia. Nikamlipa mhazini Sh 11,000, nikajitwika mkungu wangu, nikaenda nyuma ya ofisi.

Pikipiki ilikuwepo. Kwenye keria yake kafungwa mbuzi. Beberu mweusi, ndevu za heshima, aliyeletwa sadaka asubuhi akafungwa pale. Walimnadi kwa mdomo tu, maana mzee wa kanisa aliogopa kumleta mbele ya watu kwa ukorofi wake. Mdomoni mwake kulikuwa na kipande cha waya mweusi, urefu wa vidole viwili. Alikuwa anakivuta ndani taratibu kama mtoto na tambi, macho yake kwangu, hana haraka. Kikaisha. Akameza. Chini ya siti kimebaki kishina.

Akatokea mama mmoja na kanga begani, kaja kumchukua mali yake.

"Shikamoo mama. Mbuzi wako amekula waya wangu."

"Marahaba. Waya wa nini tena, mwanangu?"

Nikatua mkungu chini, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho: kwamba ule waya ndio unaorusha habari, kwamba mtu akigusa tu, hiki nilicho nacho mkononi kinaniambia hata nikiwa mbali. Alisikiliza vizuri sana, kuliko hata fundi. Akalitazama tumbo la mbuzi, akakitazama kidude, kisha akaninyooshea kiganja.

"Basi hicho kidude nipe mimi. Kule kwetu mbuzi wanaibiwa sana."