Kabla ya kununua kompyuta nyingine za hospitali

Watu wa nyumbani wakiniuliza hospitali za Marekani zinatuzidi nini, hutegemea nitaje MRI au mishahara. Mimi huwataja wagonjwa wasiokuwepo.

Mgonjwa wa namna hiyo yumo kwenye kompyuta tu. Amelazwa ICU, wodi ya mahututi, ana maambukizi kwenye damu, na vipimo vyake, dawa zake na maelezo ya manesi vyote vimeingizwa kwenye mfumo uleule wa kompyuta unaotumika wodini. Unapewa muda usome faili, kisha umweleze mwalimu mgonjwa anaendeleaje. Humo ndani wamefukia mitego: kreatinini, kipimo cha figo, inapanda siku baada ya siku, figo zinachoka, na dozi ya vankomaisini, antibayotiki inayoweza kuziumiza, haijaguswa. Ukipitwa, hafi mtu. Unaonyeshwa palepale ulipitia ukurasa upi bila kuusoma.

Oregon Health & Science University, kule Portland, waliwapima hivyo madaktari walio mafunzoni. Matokeo yalichapishwa 2013: kati ya mitego 14, kwa wastani waligundua asilimia 41. Na hao wanautumia mfumo huo kila siku!

Wamarekani wenyewe walianza mkia mbele. Sheria ya HITECH ya 2009 ilimwaga mabilioni ya dola ili hospitali ziachane na makaratasi, na madaktari wengi wakafundishwa vitufe tu. Hadi leo wapo wanaompa mgonjwa kisogo wakichapa, na usiku wanamalizia maandishi nyumbani. Hilo tusiwaige. Ndiyo maana baadhi ya mazoezi yao siku hizi yana mwigizaji anayekaa kitini kama mgonjwa, na daktari anapimwa pia kama alimtazama usoni.

Sasa njoo Tanzania. GoT-HoMIS, mfumo wa serikali wa kompyuta za hospitali, imefika hadi vituo vya afya, na hilo ni jambo kubwa. Ila semina za mifumo ninazozijua mimi ni ukumbi, projekta, mtu mmoja anabofya na wengine wote wanatazama, soda, posho, picha ya pamoja. Jumatatu foleni imejaa benchi, na wa kwanza kufanyiwa mazoezi ni bibi wa presha aliyeamka alfajiri. Akitoka, daktari ana kitabu cha MTUHA, cha takwimu za huduma za afya, cha kujaza kwa mkono, taarifa zilezile. Halafu tunasema madaktari wetu hawapendi teknolojia.

Najua nitaambiwa umeme na mtandao. Mazoezi hayahitaji mtandao. Yanahitaji nakala ya mfumo kwenye laptop chache, yenye wagonjwa wa kubuni. OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa ambayo mfumo wa Kenya, KenyaEMR, umejengwa juu yake, haina hata ada ya leseni. Kazi iliyobaki ni kuandika visa, na hivyo tunavyo: mjamzito mwenye malaria, kijana wa selimundu, mtoto wa kilo 10 aliyeandikiwa 100 na dawa zikahesabiwa kwa uzito huo. Wape madaktari tarajali kabla hawajaanza zamu.

Kwa hiyo mkataba mwingine wa mfumo ukiletwa mezani, mganga mfawidhi aulize kwanza nakala ya mazoezi iko wapi na nani atalipwa kuitunza. Na manesi waingie chumba kimoja na madaktari, maana mtego wa kilo 100 wao ndio watauona kwanza.