Shule za Mwingereza Bombay: nani alilipa, nani alisoma

Ikitajwa elimu ya Mwingereza India watu wote wanakimbilia kwa Macaulay, afisa wa Kiingereza huko India, na ile hoja yake ya 1835 ya kufundisha kwa Kiingereza. Mi naona ukitaka kuielewa hii kitu nenda magharibi mwa India, Bombay (Mumbai ya leo) na Pune.

Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilimpiga Peshwa, mtawala wa Wamaratha aliyekaa Pune, 1818, mwaka uliofuata Elphinstone akawa gavana wa Bombay, na jamaa alikuwa mjanja. Alijua Wabrahmini wa Pune, tabaka la juu la makuhani na wasomi, wamepoteza dola na wana hasira, so 1821 wakafunguliwa chuo cha Kisanskriti, lugha ya kale ya dini yao, palepale mjini kwao, hela ikitoka kwenye fungu la dakshina, zile sadaka walizokuwa wanapewa enzi za Peshwa. Vitabu vya shule vikawa vinatafsiriwa Kimarathi na Kigujarati. Siasa ilikuwepo, hilo halina ubishi, ila lugha za watu zilipata heshima fulani. Miaka ya 1840 akaja Jaji Erskine Perry kusimamia Bodi ya Elimu, yeye anataka Kiingereza na wachache wafundishwe vizuri, tajiri Jagannath Shankarsheth akampinga akiwa ndani ya bodi hiyohiyo, akitetea lugha za watu.

Wanaotetea hizo shule wana pointi. Dadabhai Naoroji alisoma chuo cha Elphinstone, kilichopewa jina la yule gavana, akafundisha hesabu hapohapo, halafu baadaye akachukua takwimu za Waingereza wenyewe akaonyesha jinsi utajiri wa India unavyovuja kwenda Uingereza. Ranade, mwanamageuzi mwingine, naye ni wa kundi la kwanza la digrii, 1862, Chuo Kikuu cha Bombay kikiwa na miaka mitano tu tangu kianzishwe. Yaani mkoloni alilipa mishahara ya walimu waliowanoa wakosoaji wake, hapo lazima ucheke.

Lakini ubishi wa Kiingereza au Kimarathi unaficha jambo kubwa zaidi, nalo ni nani anaruhusiwa kukaa darasani. 1856 huko Dharwar kijana wa Kimahar, jamii iliyoitwa najisi, aliomba kuingia shule ya serikali akakataliwa, akapeleka malalamiko hadi serikali ya Bombay nayo ikaogopa kuwaudhi wa tabaka la juu ikasema haiwezi kuvuruga shule kwa ajili ya mtu mmoja. Wakubwa wa juu walikuja kusema shule za serikali ni za wote, ila kwenye karatasi na kwenye darasa ni vitu viwili. Wamisionari angalau walipokea watu, hata Jotirao Phule, aliyekuja kupigania elimu ya wanyonge, mtoto wa wakulima wa maua, alisoma kwa Waskoti wa Pune (na kwa wapenzi wa historia ya kwetu, Chuma aliyesaidia kuleta mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo naye alisomeshwa na Waskoti, pale Bombay).

Phule na mkewe Savitribai wakafungua shule ya wasichana Pune 1848, na 1882 mbele ya Tume ya Hunter, tume ya serikali ya kuchunguza elimu, Phule akasema wazi: kodi inatoka kwa mkulima, elimu ya juu inaliwa na Wabrahmini, na ile nadharia kwamba wakubwa wakisoma elimu itashuka yenyewe kwa wadogo haijatimia. Akataka shule ya msingi iwe lazima angalau mpaka miaka 12. Kwangu huyu ndiye aliyeuliza swali lenyewe, maana Perry na Shankarsheth waligombana juu ya lugha na wote wawili mkulima wala hawakumfikia.