Rangi za Kigoma zinatosha, usizikoleze

Picha nyingi za Kigoma zinazosambazwa mitandaoni huharibiwa baada ya kupigwa. Ziwa hutiwa buluu ya wino, machweo hugeuzwa zambarau, na nyuso za watu hupauka au kuwa za machungwa. Inaumiza, kwa sababu rangi katika picha ya safari ni habari. Mnunuzi wa dagaa hutazama rangi kwanza: dagaa waliokauka vizuri bado wana fedha inayong'aa, na waliokaa muda mrefu huanza kuwa na umanjano wa mafuta yaliyochacha. Ukisukuma kitufe cha kukoleza rangi kwenye simu, dagaa wa leo asubuhi wanaonekana wa mwezi uliopita.

Jambo la kwanza ni saa. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini inatumia saa ileile ya Dar es Salaam, hivyo jua huchomoza na kuzama huku likiwa limechelewa kwa takriban dakika 40. Jua la utosini huja karibu na saa saba mchana, na machweo huangukia karibu na saa moja jioni, mbele au nyuma kidogo kulingana na mwezi. Anayefuata ratiba aliyoizoea pwani anafika ufukweni mapema, anapiga kwenye mwanga mkali, kisha anajaribu kuuficha ukali huo kwa vichujio vya programu. Tena huku karibu na ikweta jua huanguka karibu wima, kama nyuzi 15 kwa saa. Mwanga mtamu wa jioni ni wa nusu saa hivi, basi.

Wageni wote huelekeza kamera Kongo jua linapozama. Piga moja, kisha geuka. Mwanga uleule unaofanya mitumbwi kuwa vivuli vyeusi unaangukia mashariki, juu ya udongo mwekundu, vitenge, kuta za stesheni ya reli iliyofikiwa na njia ya treni mwaka 1914, na nyuso za watu wanaotoka kazini. Hapo ndipo rangi ilipo. Kwenye kamera, ule mpangilio ulioandikwa WB uondoe kwenye otomatiki na uuweke kwenye alama ya jua, yaani kama Kelvin 5,200 hadi 5,500 (Kelvin ni kipimo cha rangi ya mwanga). Otomatiki huona wekundu wa jioni kama kosa na kuuondoa.

Katonga, ufukwe wa wavuvi, ni ya asubuhi, mitumbwi inaporudi na dagaa, na ni ya siku za giza. Taa za wavuvi huvuta dagaa vizuri pale mwezi usipoonekana, kwa hiyo siku za mbalamwezi kali uvuvi hupungua na ufukwe huwa mtupu. Tazama kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi. Dagaa wakishaanikwa, kamera hudanganywa na mng'ao: inadhani kuna mwanga mwingi mno na kuwafanya kijivu. Kwenye kitufe cha +/− ongeza mwangaza kwa +0.7, kisha angalia kama fedha ya samaki imegeuka madoa meupe matupu. Ikiwa hivyo, rudi +0.3.

Mawese yanataka kinyume chake. Wekundu wake hujaa haraka kuliko rangi nyingine, na ukijaa chupa inaonekana kama plastiki iliyopakwa rangi. Punguza hadi −0.7 na simama mahali ambapo jua liko nyuma ya chupa ili lipenye. Asubuhi ya baridi mafuta huganda nusu na kuwa machungwa mazito. Hiyo nayo ni rangi ya kweli, iache.

Kwa maji, polaraiza ina thamani kuliko programu yoyote. Ni kioo kinachofungwa mbele ya lenzi na kuzungushwa mpaka mng'aro uishe. Maji ya Tanganyika ni maangavu, hivyo mawe ya chini huonekana. Polaraiza hufanya kazi vizuri jua likiwa ubavuni, na hula mwanga wa hatua moja na nusu hadi mbili (kila hatua ni nusu ya mwanga), kwa hiyo usiiache kwenye lenzi unapoingia msitu wa Gombe. Humo ndani kuna giza, sokwe ni weusi, na kamera hupandisha mwangaza mpaka majani ya nyuma yanakuwa meupe matupu. Weka ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 1600 hadi 3200, spidi isipungue 1/250, mwangaza −0.7, na flashi izimwe kabisa.

Kiangazi, hasa Julai hadi Septemba, moshi wa nyasi zinazochomwa hufuta milima ya ng'ambo. Mvua ikishanyesha, hewa husafishwa na milima hurudi.

Kutuma nako kuna hila zake. Hifadhi nakala katika sRGB, mfumo wa rangi unaotumiwa na simu nyingi, la sivyo rangi hufifia kwenye simu nyingine. WhatsApp hubana picha, hivyo itume kama dokumenti. Maelezo yataje mahali, mwezi na kitu chenyewe: "Dagaa, Katonga, Agosti" ni bora kuliko "Tanzania nzuri". Ukipiga nyumbani kwa mtu, ondoa alama ya mahali iliyofichwa ndani ya faili. Na kwa mama anayeanika dagaa, anza na "Shikamoo mama, naomba nikupige picha", mwonyeshe uliyoipiga, na akisema asingependa isambazwe, ifute palepale akiona.