Paa aliyenyongwa na waya si kitoweo

Jumamosi asubuhi kijana alisimamisha baiskeli mlangoni kwangu hapa Malindi, kiroba kimefungwa nyuma. "Mama, nina paa. Nyama laini, nitakufanyia rahisi." Nikamwambia afungue nione. Alikuwa hajachunwa, macho yameshaingia ukungu. Nikamgeuza shingo nikitafuta kisu kilipopita. Hakikupita. Palikuwa na alama nyembamba ya waya, imezama chini ya manyoya, na damu yote imegandia ndani.

Nikakataa. Jirani yangu aliyekuwa akitazama akasema, "Ungemtia ndimu na tangawizi, nani angejua?"

Mimi ningejua! Sura ya Al-Maida, aya ya 3, imemtaja aliyenyongwa waziwazi, pamoja na nyamafu na damu. Sisi hawa hawa tunaouliza kuku wa hotelini kachinjwa na nani, ikija nyama ya msitu wa Arabuko-Sokoke tunafumba macho kwa sababu bei ni ya chini? Na hakuna daktari wa mifugo aliyeikagua.

Sisemi nyama ya mwitu ni ngeni kwetu. Nyanyangu alipika kanga wa porini kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Babu alimtega kwa tenga na punje za mtama, akamleta nyumbani akiwa hai, akamchinja uani kwa bismillahi. Kanga wa mwitu ni mgumu, hataki haraka. Nyanya alimchemsha taratibu na tangawizi na kitunguu saumu hata nyama ikalegea, kisha akamweka juu ya makaa na kumpaka tui zito, akimgeuza na kumpaka tena, tui likidondokea motoni na moshi wake kujaa nyumba nzima. Na aliyenaswa akiwa kifaranga, babu alifunua tenga akamwacha aende zake.

Waya haufunuliwi. Njia anayopita paa ndiyo anayopita isanje, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya manjano, ambaye duniani kote hapatikani ila kwenye misitu michache ya pwani yetu hii. Dume na jike hushikana wawili wawili maisha yao yote. Uzito wake ni nusu kilo hivi, mifupa ikiwemo. Paa nunga naye amebaki sehemu chache tu, kama hapo Arabuko, Boni na Dodori upande wa Lamu, na Unguja. Tunawamaliza kwa mboga ya usiku mmoja.

Haya, nakubali, ingawa kwa shingo upande: anayeishi ukingoni mwa msitu ana haki ya kulalamika. Nyani wakishamaliza mahindi yake, watoto bado wanataka kula. Mradi wa Kipepeo pale Gede, tangu 1993, umewapa wakulima pesa ya kufuga vipepeo, lakini hauwezi kumfikia kila mtu. Hilo ni la kudai kwa sauti, na nitalidai pamoja nao.

Kijana alipokuwa akifunga kiroba nilimuuliza anatega nyaya ngapi. Akasema thelathini hivi, za breki za baiskeli.

"Na zote wazikumbuka ulipoziweka?"

"Nyingine nazisahau, mama."

"Zile ulizosahau je?"

"Zinakaa tu."